Hatamu za Rubani: Vita vya Angani Kutoka Tanga Hadi Kagera

Hapana askari ambaye watu walioko chini humdhania kuwa huru kama rubani wa ndege ya kivita. Askari wa miguu humwona akienda kwa safu, akisimama aambiwapo asimame na kulala aambiwapo alale. Baharia humjua kuwa yu chini ya nahodha wake usiku na mchana. Lakini rubani, apitapo juu ya mashamba kwa ngurumo na kutoweka nyuma ya milima kabla watoto hawajamaliza kuonyeshana, huwadhihirikia kama mtu aliyekwisha kukata kila kamba ya dunia. Dhana hiyo ni tamu, lakini si ya kweli. Katika majeshi yote hapana mtu anayefungwa na siasa kwa karibu zaidi ya rubani, kwa kuwa silaha yake hufika mbali kwa dakika chache, na amri moja iliyotolewa vibaya, au amri moja iliyopasa kutolewa isitolewe, yaweza kuitumbukiza dola katika vita ambavyo haikuvitaka. Pwani yetu ya Tanga na nchi yetu ya Tanzania zimelishuhudia jambo hili zaidi ya mara moja, na nia yangu katika makala haya ni kuzieleza habari zake kwa taratibu ya wakati, ili ionekane ni nani hasa aliyezishika hatamu, na ni wajibu gani unaomkalia mwenye kuzishika.

Muheza, ambako ndiko nitazamiako mambo haya, si mji wa ndege. Ni mji wa reli, wa mkonge na wa machungwa, katika nchi ya Wabondei, uliokaa kati ya bahari na milima ya Usambara, mahali ambapo njia ya kupandia Amani yaachana na njia ya kwendea Korogwe. Reli ya Wajerumani iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1896, ikiwa imekwenda kilomita 40 hivi, na kwa miaka kadhaa ikaishia hapa hapa, kabla ya kuendelea Korogwe na Mombo na hatimaye Moshi. Kwa sababu hiyo, kila vita vilivyoifikia bandari ya Tanga havikukawia kuifikia Muheza, kwani lililoshuka melini lilipanda garini, na lililotoka bara halikuwa na njia nyingine ya kufikia pwani.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1914. Mwezi Agosti, vita vya Ulaya vilipoanza, Gavana Heinrich Schnee alitumaini kwamba makoloni ya Afrika yangeachwa nje ya ugomvi, na manahodha wa manowari za Kiingereza waliofika Dar es Salaam na Tanga wakafanya mapatano na wakuu wa miji hiyo kwamba bandari zao zisishambuliwe, na zenyewe zisitumiwe kwa vita. Serikali ya London haikuyaridhia mapatano hayo. Lakini jeshi lililoletwa kutoka India lilipoitokea Tanga tarehe 2 Novemba, nahodha wa manowari iitwayo Fox aliona kuwa heshima yamtaka kwanza autangazie mji kwamba sulhu imevunjwa. Mkuu wa mji, Auracher, akaomba muda wa kushauriana na wakubwa wake, akaenda zake, asirejee. Na katika saa zile zilizopatikana, askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, walikuwa wakishuka kwa gari moshi kutoka upande wa Moshi, wakipita Korogwe na Muheza, hata wakauwahi mji, na jeshi la India likashindwa na kurudi melini tarehe 5. Hapakuwa na ndege katika vita vya Tanga. Lakini kanuni ambayo marubani wataijua baadaye ilikwisha kuandikwa pale ufukweni: kwamba ahadi ya siasa, hata iliyokataliwa na waliotoa amri, huweza kuamua saa ya kupiga, na saa ya kupiga huamua mshindi.

Ndege zenyewe zilikuja kwa uchache na kwa tabu. Wajerumani walikuwa na ile ya rubani Bruno Büchner, aliyekuja kwa ajili ya maonyesho yaliyokusudiwa kufanywa Dar es Salaam mwezi Agosti 1914, ikachukuliwa na jeshi. Waingereza nao walimwajiri raia mmoja, Cutler, mwenye chombo cha Curtiss cha kutua majini, na ndiye aliyethibitisha kutoka angani mahali manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilipojificha katika milango ya mto Rufiji mwezi Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1916 kikosi cha 26 cha ndege za Kiingereza, ambacho wengi katika watu wake walitoka Afrika Kusini, kilifuatana na jeshi la Jenerali Smuts likishuka kutoka Kilimanjaro kwa kuifuata reli na mto Pangani, na mwezi Julai Tanga na nchi yake ikatwaliwa. Rubani wa siku hizo alikuwa jicho la jeshi kuliko kuwa upanga wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kutazama, na kurudi kusimulia aliyoyaona.

Vita vilipokwisha, Tanganyika haikupewa Uingereza kuwa milki yake. Ilikabidhiwa kuwa dhamana chini ya Umoja wa Mataifa wa zamani uliokuwa Geneva. Katika hati ya dhamana hiyo mlikuwamo kifungu cha nne, kilichomkataza mdhamini kujenga katika nchi hii kambi za jeshi la nchi kavu au la majini, au kusimamisha ngome, au kuunda jeshi la wenyeji, isipokuwa kwa kazi ya polisi na kwa ulinzi wa nchi yenyewe. Sharti hilo halikutajwa sana na watu, maana hapakuwa na sababu ya kulitaja wakati wa amani. Lakini latupasa kulikumbuka, kwa kuwa mwaka 1942, kando ya mji wa Tanga, palisimamishwa kituo cha ndege cha jeshi la majini la Kiingereza, kikapewa jina la meli kwa desturi ya jeshi hilo, kikaitwa HMS Kilele, na huko ndiko marubani wa kivita walikokuja kukaa pwani yetu kwa mara ya kwanza.

Sababu ya kuja kwao yaanzia mbali. Mwezi Februari 1942 Wajapani waliitwaa Singapore, na mwezi Aprili manowari zao za kubebea ndege, chini ya Admirali Nagumo, ziliingia Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, zikazamisha manowari kadhaa, miongoni mwao Hermes, iliyokuwa yenyewe ya kubebea ndege. Admirali James Somerville, mkuu wa manowari za Kiingereza za mashariki, alikuwa na meli nyingi lakini nyingi zilikuwa kuukuu, na ndege zake hazikuweza kuzikabili za Wajapani kwa idadi wala kwa mbio. Ikaamuliwa kwamba asizihatarishe, bali azirudishe nyuma hata pwani ya Afrika Mashariki, Kilindini ikawa makao yake. Huo ulikuwa uamuzi wa dola kabla ya kuwa wa jeshi: kuilinda njia ya meli za Misri na za mafuta ya Uajemi kulionekana kuwa na thamani kuliko kupata sifa ya vita vikubwa vya baharini. Marubani waliofunzwa kushambulia waliambiwa wakae na kungoja.

Kungoja kwao ndiko kulikozaa kituo cha Tanga. Mwezi Juni 1942 kiliundwa hapo kikosi cha 795, kiwe akiba ya marubani na ndege za kivita kwa ajili ya manowari za mashariki; manowari ikipoteza rubani au ndege, badala yake ilitolewa kwenye akiba hii. Ndege zao zilikuwa za namna mbili. Fulmar ilikuwa na viti viwili, rubani mbele na mtazamaji nyuma, kwa kuwa juu ya bahari isiyo na alama mtu mmoja hakutosha kurusha ndege na kuitafuta njia ya kurudia. Ilikuwa na bunduki nane za rashasha, lakini mwendo wake ulikuwa mzito. Martlet, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Grumman, ilikuwa fupi, nene na ya kiti kimoja, nayo ilikuwa na taabu yake ambayo kila aliyeirusha aliijua kwa mkono wake. Magurudumu yake hayakukunjwa kwa mtambo. Ndege ilipoiacha ardhi, rubani alihamishia usukani katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akalishika gurudumu dogo la kuzungushia lililokuwa ubavuni mwake, akalizungusha takribani mara 30 mpaka magurudumu yakaingia tumboni mwa ndege. Na kwa kuwa mwili wake wote ulifuata mzunguko wa mkono, ndege nayo iliyumba juu na chini mfano wa mtu anayepiga kasia peke yake. Aliyesimama chini aliweza kujua kwa kuitazama tu kama rubani ni mzoefu au ni mwanafunzi.

Wakati huo huo, katika mashamba ya Muheza, Ngomeni na Pangani, vita vile vile vilikuwa vikiitia mikono mingine. Ufilipino na Java zilipoangukia Japani, nyuzi ngumu zilizotoka huko hazikupatikana tena kwa nchi za Washirika, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali inayotakiwa kwa haraka, kwani bila nyuzi hapana kamba, na bila kamba meli haifungwi gatini wala shehena haiinuliwi. Serikali ikaweka bei, ikazidisha mazao, na kwa sheria za wakati wa vita ikawalazimisha watu kutoka bara kwenda kufanya kazi mashambani, wakiungana na manamba waliokuwako. Katika daftari za wakubwa wa London mkata mkonge wa Muheza na rubani wa Tanga walikuwa karibu zaidi kuliko walivyojiona wenyewe: kila mmoja aliletwa na hesabu iliyofanywa kwingine, na hapana aliyeulizwa. Tofauti yao yapasa kutajwa kwa insafu. Rubani alikuwa akiipigania nchi yake na serikali aliyoweza kuipigia kura. Mkata mkonge alikuwa akitumikia vita vya watu waliomtawala bila ya ridhaa yake. Si ajabu basi kwamba mtoto wa Tanga, Shaaban Robert, alipoutunga utenzi wake mrefu juu ya vita hivyo, aliviita vita vya uhuru. Neno lile Waingereza walilisema kwa ajili ya Ulaya, na watu wa pwani wakalisikia kwa ajili yao pia.

Vita vilivyowaita marubani wa Tanga vilikuwa vya kisiwa cha Bukini, ambacho leo twakiita Madagaska, na ndivyo vilivyokuwa na mafundo ya siasa kuliko vyote. Ufaransa ilikwisha kushindwa na Ujerumani mwaka 1940. Serikali ya Vichy, iliyokitawala kisiwa, ilikuwa imejiweka nje ya vita, haikuwa adui wa Uingereza kwa tangazo, wala haikuwa rafiki. Hofu ya London, ambayo Jenerali Smuts wa Afrika Kusini aliichochea sana, ilikuwa kwamba Wajapani wangepewa bandari ya Diego Suarez, na kutoka hapo manowari zao za chini ya maji zingeikata njia ya meli za Washirika. Kwa hiyo tarehe 5 Mei 1942 Waingereza waliishukia Diego Suarez kwa ghafula, na hawakumwambia hata Jenerali de Gaulle, aliyekuwa mshirika wao na kiongozi wa Wafaransa huru, kwani waliogopa kwamba Wafaransa wa kisiwani wangepigana kwa ukaidi zaidi kama wangewaona Wafaransa wenzao mbele ya adui.

Fikiri hali ya rubani aliyetumwa kwenda vita vya namna hiyo. Alitakiwa kushinda bila ya kuchukiza. Kuvunja nguvu za watu ambao kesho yake walitakiwa wawe wenzi. Asubuhi ile ya Mei, katika ndege zilizoruka kutoka manowari ya Illustrious mlikuwamo zilizochukua mabomu na zilizochukua karatasi za kuwasihi Wafaransa wasipigane, na kwa pamoja zikaenda juu ya bandari moja. Wafaransa hawakukubali kwa maneno. Walipigana siku mbili, na ndege zao za Morane na Potez zikaruka kuzikabili Martlet, nyingi zikaangushwa. Kwamba hofu ya Japani haikuwa ya bure kulidhihirika mwisho wa mwezi huo huo, vyombo vidogo vya Kijapani vya chini ya maji vilipoingia katika ghuba ya Diego Suarez, vikaijeruhi manowari ya Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta.

Mwezi Septemba vita viliendelezwa katika sehemu iliyobaki ya kisiwa, na hapo kikosi cha 795 cha Tanga kikatolewa katika kazi ya akiba na kupewa kazi ya mstari wa mbele. Chini, pamoja na Waingereza na watu wa Afrika Kusini, walikuwako askari wa King's African Rifles, na miongoni mwao kikosi cha 1/6 cha Tanganyika. Hivyo watu wa nchi hii walikuwa ardhini, na ndege zilizotoka nchi hii zilikuwa juu yao. Gavana wa kisiwa, Armand Annet, hakuwa na nguvu ya kushinda, lakini alikuwa na maarifa ya kukawiza. Alirudi kusini hatua kwa hatua, akiacha miti na mawe njiani na madaraja yaliyovunjwa, akiomba masharti na kuyakataa, hata mapatano ya kuacha vita yakatiwa saini Ambalavao, yakashika nguvu mara tu ilipoanza tarehe 6 Novemba, yaani miezi sita kamili na siku moja tangu vita vianze. Na wanahistoria wametaja kwamba kwa sheria ya Kifaransa askari aliyepigana zaidi ya miezi sita alipata haki ya nishani na malipo. Kwa majuma hayo marubani waliruka juu ya adui aliyekwisha kushindwa na asiyekiri kushindwa, wakipima kila shambulio kwa mizani mbili, ya vita na ya sulhu. Kisiwa kikakabidhiwa kwa Wafaransa wa de Gaulle. Kikosi cha 795 kilivunjwa Tanga mwezi Agosti 1943, na kituo cha Kilele hakikuishi hata mwisho wa vita. Manowari zilikuwa zikirejea mashariki, na Tanga ikarudi kuwa bandari ya mkonge.

Miaka ishirini baadaye nchi ilikuwa huru, na swali likageuka: si tena dola gani italeta marubani wake hapa, bali sisi tutawapataje wetu. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi tarehe 20 Januari 1964, serikali changa ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na waliotuliza maasi walishushwa kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur. Mwalimu Nyerere aliiona fedheha hiyo, akalivunja jeshi lile na kuliunda jipya, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kusaidia kuanzisha tawi la ndege. Lakini Zanzibar baada ya mapinduzi ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano ikatafutwa njia ya kati, kwamba Ujerumani Mashariki iwe na konseli mkuu Dar es Salaam bila ya kuwa na balozi. Ujerumani Magharibi haikuridhika, mwezi Februari 1965 iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na Mwalimu, kwa kukataa kuwa sera ya nchi inunuliwe kwa msaada, akawaambia wauchukue na msaada uliobaki wa serikali yao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo: vijana waliokuwa wameanza kujifunza urubani walijikuta wamepoteza walimu kwa sababu ya ugomvi wa Wajerumani wawili ambao haukuwahusu. Kanada ikaja mahali pao, ikafunza kwa ndege za uchukuzi za Otter na Caribou hata mwaka 1970; kisha ikaja Uchina, na ndipo nchi ikapata ndege za kivita zenyewe, na uwanja wa Ngerengere ukawa makao yake. Rubani mmoja wa umri ule aliweza kuanza masomo kwa lugha moja na kuyamaliza kwa nyingine, kwa kuwa ndege hununuliwa pamoja na lugha yake, vipuri vyake na urafiki wake.

Kisha ikaja Kagera. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, ziliupiga mji wa Bukoba, na mwisho wa mwezi majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Ndege zake ziliruka mara kwa mara kulivunja daraja la Kyaka zisiliweze, mpaka fundi wa baruti aliyeletwa kutoka machimbo ya Kilembe akalivunja kwa kutega baruti nguzoni tarehe 3 Novemba. Na hapo mtu aweza kuona jinsi ndege, pamoja na kishindo chake chote, ilivyo silaha isiyo na uhakika mikononi mwa waliokosa mazoezi na maongozi. Mwalimu alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, na uwezo upo, na nia ipo. Huku Muheza, kama kwingineko, mgambo waliitwa, malori yakachukuliwa kwa kazi ya vita, na redio ikawa kitovu cha kila baraza.

Marubani wa Tanzania waliingia vitani wakiwa wamefungwa kwa kamba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sheria ya Afrika yenyewe: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya nchi nyingine, na azimio la Cairo la mwaka 1964 la kuiheshimu mipaka lilitolewa kwa hoja ya Nyerere mwenyewe. Kwa hiyo lengo lililotangazwa mwanzoni lilikuwa kumtoa mvamizi, wala si kuiangusha serikali ya Kampala. Ya pili ilikuwa ya silaha: ndege za pande zote mbili zilikuwa za asili moja, MiG za Urusi na zile zilizofanywa Uchina kwa mfano wake, na Urusi, iliyomsilihi Amin miaka mingi, ilitaka kujitoa bila ya kuonekana imemgeukia. Ya tatu ilikuwa ya umbali, kwani Kagera iko mbali mno na Ngerengere, na ndege ya MiG-21 haina mafuta ya kukaa hewani saa nyingi. Ilipasa kuhamia kanda ya ziwa, kwenye viwanja ambavyo walinzi wake hawakuwa wameizoea.

Kutozoeana huko kulikuwa na gharama ya damu. Mwanzoni mwa vita ndege tatu za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma na walinzi wa Tanzania wenyewe, waliodhani kuwa ni za adui. Tafakari sura ya jambo lile: mpiga mzinga amesikia kwa siku kadhaa kwamba MiG za Amin zaja, na iliyo mbele yake ni MiG, umbo ni lile lile, mlio ni ule ule, na alama ya taifa haisomeki kwa ndege inayopita kwa dakika isiyotimia. Hakuwa mwoga wala hakuwa mhaini, alikosa habari. Na aliyekufa hakushindwa na rubani bora kuliko yeye. Aliuawa na taarifa ambayo haikufika. Kwa maoni yangu hapa pana funzo kubwa kuliko lote la vita vile angani, kwa maana amri isiyowafikia wote humuua rubani kabla adui hajamwona.

Mpaka wa kazi ya ndege ukawa ukisogea kwa kadiri ya siasa ilivyosogea. Kagera ilipokombolewa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao mwenyekiti wake alikuwa Nimeiri wa Sudan, ulitaka usuluhishi bila ya kumlaani mvamizi, na Amin hakuliacha dai lake. Ndipo jeshi likavuka mpaka hapo Mutukula mwezi Januari 1979, na mwisho wa Februari likaitwaa Masaka na Mbarara. Hata hapo nia ilikuwa kuwaachia Waganda wenyewe waimalize kazi. Kilichoubadili uamuzi ni kuingia kwa Libya. Kanali Gaddafi alimtaka Mwalimu aondoe jeshi lake kwa muda wa saa 24, akakataliwa. Na mwisho wa mwezi Machi ndege ya Libya ya Tu-22 ikaipiga Mwanza, ikakosa shabaha yake, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua paa na kumjeruhi mtu mmoja. Baada ya hayo ndege za Tanzania zikapewa ruhusa ambayo hazikuwa nayo, na mwanzoni mwa Aprili zikavuka na kupiga maghala ya mafuta nchini Uganda, ya Kampala na Jinja yakiwamo. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka kwa miguu ya askari wa nchi kavu. Hata baada ya ushindi, katika mkutano wa Monrovia wa mwezi Julai, wako wakuu wa Afrika waliosimama kuilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka, na nchi ikaachiwa ibebe peke yake gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 500.

Wako wasemao kwamba kumfunga rubani kwa mipaka ya siasa ni kumtia pingu mtu anayepigana, nao hutoa mfano wa Korea, ambako kati ya 1950 na 1953 marubani wa Marekani waliziona MiG zikiruka kutoka ng'ambo ya mto Yalu, upande wa Uchina, na wakakatazwa kuzifuata huko. Siikubali hoja hiyo kwa ujumla wake. Lau mto Yalu ungalivukwa kwa hasira ya rubani mmoja, huenda dunia ingaliingia katika vita vya tatu. Na lau ndege zetu zingaliipiga miji ya Uganda tangu siku ya kwanza, Tanzania isingalikuwa na uso wa kusema mbele ya Afrika kwamba imevamiwa. Kizuizi ni sehemu ya nguvu ya dola yenye haki. Lakini kizuizi kina adabu yake: kiwe wazi kwa anayeruka na kwa anayelinda, kitolewe na mwenye mamlaka anayejulikana, na kikibadilika, kila mwenye silaha aambiwe kabla ya ndege kuiacha ardhi. Marubani wa Illustrious mwaka 1942 walipewa bomu na karatasi ya kusihi katika safari moja, na angalau walijua kwa nini. Wale wa Musoma walitunguliwa na wenzao ambao hawakuambiwa kuwa ndege za nyumbani zingepita, na deni lao halikulipwa na sifa za ushindi.

Vijana walioruka mwaka 1978 leo ni wazee, na pamoja nao mafundi waliozijaza ndege mafuta usiku na wapiga mizinga waliokesha wakitazama juu. Katika simulizi zetu za Kagera husifiwa sana askari aliyetembea kwa miguu hadi Kampala, na ni haki yake. Lakini habari za angani zimebaki katika vinywa vya wachache, na kila mwaka vinywa hivyo hupungua. Ni wajibu wa jeshi, wa vyuo vyetu na wa waandishi kuzikusanya, yakiwamo makosa, bila ya kumwaibisha mtu na bila ya kuficha, kwa sababu taifa lisilojua jinsi amri zake zilivyotolewa halitajua kuzitoa vizuri zaidi siku nyingine. Rubani hakumchagua adui wake, wala mpaka wake, wala saa ya kuruka. Katika zama za dhamana waliochagua walikuwa wageni, na hesabu ni yao. Katika zama za uhuru tumechagua sisi kwa mkono wa serikali yetu, na kila kilichotendwa kwa jina letu juu ya ziwa lile, chema na kibaya, ni juu yetu kukijibia.